Jinsi ya kurekodi majina ya vilima na vijito juu ya Nyandarua

Siku moja nilikaa na mzee mmoja nje ya nyumba yake, upande wa Nyeri, mlima ukiwa mbele yetu na ukungu bado haujapanda. Nilimtandazia ramani magotini. Aliitazama kwa heshima, akapitisha kidole juu yake, kisha akaniuliza, "Hii ni ya wapi?" Nilipomwambia ni ya huo mlima anaouona, aliikunja vizuri akanirudishia, akaanza kunieleza njia waliyokuwa wakipita na baba yake kwenda kuvuna asali. Hapa unavuka kijito hiki, pale unapumzika chini ya jabali lile, ukifika kwenye kinamasi kile usipite katikati. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeandika majina zaidi ya kumi. Kwenye ramani yalikuwamo mawili.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuyaandika majina hayo kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipoingia msituni wakati wa vita vya Mau Mau, mwaka 1953, leo amepita tisini. Mifano yangu ni ya Nyandarua, safu ya milima ya Kenya ya kati, kwa sababu ndiko ninakokujua, hasa kule juu, kuanzia kama mita 3,000, ambako msitu wa mianzi unaisha na nyasi za mafundo zinaanza, pamoja na vinamasi na upepo usiokwisha. Ukiwa Kitulo kusini mwa Tanzania, Elgon au mabega ya Kilimanjaro utabadilisha lugha na majina, lakini kazi ni ileile.

Kabla ya kuanza: jua ni nani aliyetangulia kutaja

Hakuna mlima wenye jina moja. Safu hii Wakikuyu wanaiita Nyandarua, na maelezo yanayotolewa ni kwamba mgongo wake ukiutazama kutoka mbali unafanana na ngozi iliyoanikwa ikauke. Joseph Thomson alipopita katika safari yake ya 1883 na 1884 aliipa jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa jumuiya ya kijiografia ya London iliyomtuma. Aberdare mwenyewe hakuwahi kuuona mlima huu. Kilele cha juu kabisa, cha karibu mita 4,000, kina jina la Kimaasai, Oldoinyo Lesatima, mlima wa ndama dume. Kinangop nalo asili yake ni Kimaasai. Halafu wapanda milima wa siku hizi wana yao: Elephant Hill, Table Mountain, Dragon's Teeth.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Wamaasai waliotaja sehemu za magharibi za safu hii hawako tena pale. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 waliondolewa kwenye Bonde la Ufa na Laikipia wakapelekwa kusini. Mashamba yakawa ya walowezi, na kuanzia miaka ya 1960 yakagawiwa wakulima waliotoka sehemu nyingine. Kwa hiyo mkulima wa Kinangop anaweza kukutajia kijito kwa jina la Kimaasai bila kujua linasema nini, na mtu anayeweza kulitamka sawasawa yuko Narok au Kajiado, mbali sana na kijito chenyewe. Ukitaka kufanya kazi kamili, tenga siku za kwenda huko pia. Sikiliza jina kwa anayeishi nalo, kisha lisikilize kwa wale ambao lugha yao ndiyo iliyolizaa.

Hali ni hiyohiyo kwingine. Uwanda wa Kitulo uliwahi kuandikwa kwenye ramani kwa jina la Elton, Mwingereza aliyepita huko mwaka 1877. Sasa jina la wenyeji limerudi. Lakini anayesoma maandishi ya zamani bila kujua kuwa Elton ndiko Kitulo atapotea, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba jina la mgeni nalo liandikwe. Unaweza kulichukia, ila usilifute.

Hatua ya 1: Chagua kipande kidogo

Usijaribu safu nzima. Chukua kijito kimoja na vilima vinavyokimiminia maji, au mgongo mmoja kutoka uzio wa hifadhi hadi kileleni. Mimi huanza na kata moja, na nikimaliza hapo ndipo nasogea. Kipande kidogo ulichokikamilisha kina faida kuliko mlima mzima uliouandika nusunusu, kwa sababu anayekuja baada yako atajua wapi pamekwisha na wapi pameachwa.

Hatua ya 2: Soma ramani za zamani, na ujihadhari na mita 300

Idara ya upimaji, Survey of Kenya, iliyoko Ruaraka, Nairobi, ina karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000. Nyingi zilitokana na kazi ya wapimaji wa Kiingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nunua ile ya eneo lako, uisome jina kwa jina, uandike kila jina kwenye orodha pamoja na tahajia ileile waliyoitumia, hata kama unaiona ina makosa. Kilele kile kimoja utakikuta kama Lesatima, Lasatima, Satima na Sattima. Yaandike yote.

Kisha zingatia hili, maana limewapoteza watu wengi. Gridi ya karatasi hizo imejengwa juu ya mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za gridi kwenye karatasi na kuziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, nukta yako itaangukia takriban mita 300 mbali na mahali penyewe. Mjini pengine utaona mara moja kuwa kuna kosa. Kule juu, ambako vijito viwili vinaweza kuwa umbali wa mita 200 kutoka kimoja hadi kingine na vyote vimejificha kwenye nyasi, utaweka jina la kijito kimoja juu ya kingine na hutajua kamwe. Programu ya ramani ya QGIS, ambayo ni ya bure, inabadilisha mfumo mmoja kuwa mwingine. Ni lazima tu uieleze kwamba namba zako ni za Arc 1960, kanda ya UTM 37 kusini.

Hatua ya 3: Tafuta wenye majina, na uingie kwa adabu

Watu hudhani majina yako kwa wazee wa kiume. Sivyo. Mlima umegawanywa kwa kazi. Mvuna asali anajua msitu na majabali. Mchungaji anajua vivuko na mahali pa chumvi, ambako wanyama hulamba udongo. Mwanamke aliyeteka maji na kukata kuni miaka hamsini anajua kila kijito kwa jina, wapi kinakauka Februari na wapi kina maji ya kunywa. Waliokuwa msituni miaka ya 1950 wanajua mapango. Askari wa wanyamapori waliokaa kazini muda mrefu wanajua kule juu kuliko mtu yeyote, ila majina yao mara nyingi ni ya kikazi, yale yanayotumika kwenye redio. Hayo nayo ni majina. Andika tu kwamba ni yao.

Pitia kwa chifu au mzee wa kijiji kwanza. Usiende mikono mitupu: sukari na majani ya chai havijawahi kuharibu mazungumzo. Mwite mwenyeji wako vile watoto wa pale wanavyomwita, guka (babu) au cũcũ (bibi) ukiwa kwa Wakikuyu, na ukae ulipoonyeshwa. Kisha eleza mapema, kwa maneno ya kawaida, unataka nini, utakiweka wapi, na ni nani atakayekiona. Omba ruhusa ya kurekodi sauti, na uombe ruhusa nyingine, tofauti, ya kuandika jina la msemaji. Wapo watakaokupa majina ya vilima yote na wasitake lao litajwe. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inakutaka ufanye hivyo, na hata isingekuwapo, ni haki ya mtu.

Kuna majina hutapewa, na kuna mengine utapewa ukiambiwa usiyaandike: mahali pa matambiko, makaburi, mahali zinapopatikana dawa. Ukiambiwa hivyo, funga daftari kweli, mbele yake, na uzime simu. Usije ukaandika ukifika nyumbani.

Hatua ya 4: Usiulize "huu unaitwaje?"

Ukisimama barabarani ukaelekeza kidole kilele cha mbali na kuuliza jina, utapata moja kati ya majibu matatu: jina la safu nzima, jina la kijiji kilicho chini yake, au neno linalomaanisha "mlima" tu. Kidole hakijui kuonyesha. Wewe unaonyesha kilele, mwenzako anaona shamba la shemeji yake lililo kwenye mstari uleule.

Uliza safari. "Ukitoka hapa asubuhi kupeleka ng'ombe, ulikuwa ukipita wapi?" Mtu akianza kutembea kwa maneno, majina yanakuja yenyewe, tena kwa mpangilio, na hutahitaji kumkatiza. Mwache afike mwisho wa njia. Kisha rudi naye mwanzo: "Ulisema kuna kivuko. Kabla ya kivuko hicho kuna nini mkono wa kulia?" Mwulize alipopotelewa na mbuzi, mahali watoto wanapokatazwa kuvuka wakati wa mvua, mahali walipojificha mvua ya mawe. Kwa kina mama, uliza maji: ya kufulia yalitoka wapi, ya kunywa wapi, na kwa nini hayakutoka mahali pamoja. Jibu la "kwa nini" mara nyingi ndilo jina lenyewe.

Njia nyingine ninayoipenda ni kuchora chini. Safisha mahali penye vumbi, weka jiwe moja kuwa nyumba hii tuliyopo na jiwe jingine kuwa soko, mpe mwenyeji kijiti, halafu nyamaza. Watu ambao ramani ya karatasi inawaziba midomo huchora mto kwa mkono usiositasita. Majirani watakuja kutazama, watabishana, na katika ubishi ndimo utakamopata jina la pili la kilima kilekile. Piga picha mchoro kabla kuku hawajaukanyaga. Waogiek wa Nessuit, kwenye msitu wa Mau, mwaka 2006 walifanya jambo la namna hii kwa ukubwa: walijenga mfano wa milima yao wenye miinuko na mabonde, wazee wakaweka majina juu yake kwa mikono yao.

Wasemaji wakikupa majina mawili tofauti, usiwalazimishe kukubaliana. Kilima kikitazamwa kutoka mashariki ni kitu kingine kabisa na kilima hichohicho kikitazamwa kutoka magharibi, na mara nyingi kila upande una jina lake lililo sahihi. Andika yote mawili, na mbele ya kila moja andika: "kutoka upande gani".

Hatua ya 5: Rekodi sauti

Hii usiiruke kwa kisingizio kwamba unajua kuandika. Kikuyu na Kimaasai ni lugha za toni. Sauti hupanda na kushuka, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi. Jina lililoandikwa bila sauti ni nusu ya jina.

Simu inatosha. Weka programu ya kurekodi iandike faili za WAV kama inaweza, uizime mitandao ili isilie katikati. Mwombe msemaji alitaje jina mara tatu taratibu, kisha aliweke kwenye sentensi ya kawaida, kama vile "jana nilitoka huko". Ndani ya sentensi utasikia jina linavyoishi, na wakati mwingine utagundua kwamba silabi ya kwanza uliyodhani ni ya jina ni kiambishi tu. Upepo ndio adui mkubwa. Rekodi ukiwa ndani au nyuma ya ukuta, na ukilazimika kurekodi nje, ivalishe simu soksi nene ya sufu. Inasaidia kuliko unavyofikiri.

Mwanzoni mwa kila faili sema mwenyewe tarehe, kijiji, na namba ya msemaji. Faili yenye jina "Rekodi 47" isiyo na maneno hayo itakuwa haina thamani baada ya mwaka mmoja.

Hatua ya 6: Andika vile linavyotamkwa

Kikuyu kina vokali saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu: ĩ na ũ. Ramani nyingi ziliziacha, na sisi wenyewe tukiandika ujumbe wa simu tunaziacha. Kwenye majina ya mahali, kuziacha ni kosa kubwa.

Nitaonyesha kwa neno moja. Kilima kwa Kikuyu ni kĩrĩma. Wingi wake ni irĩma. Sasa ondoa alama iliyo juu ya herufi ya katikati: irima. Hilo ni neno jingine, ni shimo. Kwenye daftari langu la kwanza kuna ukurasa niliouandika kwa haraka, kalamu ya risasi na vidole vya baridi, bila alama hata moja, na neno hilo limo ndani ya maelezo ya njia. Niliporudi nyumbani sikuweza kusema kama mzee alinielekeza kupita kwenye vilima au kando ya shimo. Ilinibidi nirudi kumwuliza. Nilimkuta yupo, akanijibu. Kama nisingemkuta, mahali pale pangebaki shimo lisilokuwapo.

Jifunze maneno machache ya maumbo ya ardhi katika lugha ya mahali kabla ya kwenda. Kwa Kikuyu anza na karĩma, kilima kidogo. Rũũĩ, mto, na karũũĩ, kijito. Gĩthima, kisima au chemchemi. Rũgongo, mgongo wa ardhi kati ya mabonde mawili. Werũ, uwanda wazi. Kwa Kimaasai: oldoinyo, mlima, enkare, maji, kama katika Enkare Nairobi, maji baridi, jina lililouzaa mji wa Nairobi, ewaso au uaso, mto, osupuko, nyanda za juu zenye baridi. Ukiyajua haya hutaandika "Mto Uaso" ukidhani umetaja jina, kumbe umesema "mto mto".

Kama hujui lugha, usibuni tahajia. Andika ulivyosikia, weka alama ya kuuliza pembeni, na mpelekee rekodi mtu anayeiandika lugha hiyo vizuri. Mwalimu wa shule ya msingi wa palepale anatosha.

Hatua ya 7: Panda ukaone

Jina lililokusanywa barazani lazima lipelekwe mahali pake. Sehemu kubwa ya nyika ya juu imo ndani ya hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1950, na msitu wote umezungukwa na uzio wa umeme wa karibu kilomita 400. Utahitaji kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), kiingilio, na askari wenye silaha. Usilichukulie sharti hilo kama usumbufu. Nyati na ndovu hufika hadi kwenye nyasi za juu, na katika ukungu hutamwona nyati mpaka umsikie. Barabara inayokata mlima kati ya lango la Mutubio na lango la Kiandongoro inakuweka juu kabisa kwa gari, na ukiweza kumpandisha mzee aliyekupa majina kwa njia hiyo, mpandishe. Hakuna kazi nyingine katika haya yote itakayokupa mengi kwa siku moja. Mbebee blanketi na chai ya moto.

Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika. Masika, Machi hadi Mei, njia huwa tope tupu, na Julai ina baridi na ukungu unaokaa siku nzima. Hata siku nzuri, anza alfajiri. Kufikia adhuhuri mawingu huwa yameshafunga, na kilima usichokiona huwezi kukithibitisha.

Penye kila jina, simama, subiri simu itulie, kisha chukua nukta. Andika namba kwa digrii za desimali, na uandike kwa mkono pia, kwa penseli, maana wino unayeyuka kwenye ukungu. Nyandarua iko kusini ya ikweta, karibu kabisa, kwa hiyo latitudo lazima ianze na alama ya kutoa. Ukiisahau, mahali palipo nusu digrii kusini patarukia nusu digrii kaskazini, kama kilomita 110 kutoka pale uliposimama, na programu haitakulalamikia. Piga picha ukitazama pande nne. Kwa kilele, piga pia picha kutoka chini, kutoka nyumba ya aliyekipa jina, kwa sababu ndiko jina lilikozaliwa.

Na ukifika mahali palipo na uzuri wote wa dunia lakini hakuna aliyekutajia jina, andika: "hatukupewa jina". Usipape jina wewe. Nyika ya juu ina majina machache kuliko migongo ya mashambani, kwa sababu watu waliipita kwa miguu zaidi kuliko kuikalia. Pengo hilo ni habari ya kweli kuhusu jinsi mlima ulivyotumika.

Hatua ya 8: Kijito si nukta

Kilima unaweza kukiwekea nukta moja. Maji hayakubali. Mto unaanza kama unyevu kwenye kinamasi, na wenyeji hawauiti kwa jina mpaka ufike mahali pa kuvukwa au kutekwa. Kwa hiyo rekodi jina linapoanzia na linapokomea: nukta ya kivuko cha kwanza ambako watu hulitumia, nukta za vivuko vinavyofuata, na nukta ya makutano ambako jina moja linamezwa na jingine. Uliza kwenye kila makutano: "Kuanzia hapa kwenda chini, mnauitaje?"

Angalia mfano wa Chania. Kutoka safu hiihii kuna mto Chania unaopita Nyeri na kuelekea Sagana, na kuna mto Chania mwingine unaoshuka kusini hadi Thika na kukutana na mto Thika pale mjini. Mito miwili, jina moja, mlima mmoja. Ukiandika "Chania" bila kutaja unaishia wapi, hujaandika kitu. Ndiyo maana kila kijito changu kina safu ya "unaingia wapi": Karuru, ule wenye maporomoko ya mita 273, unaingia Gura, Gura unaelekea Sagana, Malewa unageukia upande wa pili kabisa, unakwenda Naivasha. Ukifuata maji namna hii utajua pia mgawanyo wa maji uko wapi, yaani ule mstari juu ya mlima ambako tone moja linakwenda Bahari ya Hindi na jirani yake linaishia ziwani.

Hatua ya 9: Maana iwekwe kando

Kila mtu atakupa maana ya jina, na nyingi zitakuwa nzuri mno. Zipokee zote. Lakini kwenye jedwali ziwe na safu mbili: moja ya "maana kama alivyoieleza msemaji", nyingine ya "maoni ya mwandishi". Usizichanganye. Mkikuyu aliyerithi jina la Kimaasai atalitafutia neno la Kikuyu linalofanana nalo na kulitungia hadithi, na hadithi hiyo ni mali halali ya watu wa pale hata kama haielezi asili ya jina. Nyahururu, ambako kwa miaka mingi ramani ziliandika Thomson's Falls, watu husikia ndani yake mngurumo wa maji, na jina hilo hurudishwa kwenye Kimaasai. Wewe andika ulichosikia na nani alikisema. Uamuzi waachie wataalamu wa lugha watakaokuja na rekodi zako mkononi.

Hatua ya 10: Hifadhi, kisha rudisha

Kila jina liwe na mstari wake kwenye jedwali: jina kwa tahajia kamili, lugha, aina ya mahali, nukta, kijiji cha msemaji na upande anaotazamia, majina mengine ya mahali hapohapo, tahajia za ramani za zamani, maana, zile safu mbili, namba ya faili ya sauti, tarehe, na kiwango cha uhakika. Mimi hutumia A kwa jina lililothibitishwa na watu wawili na kutembelewa, B kwa watu wawili bila kutembelewa, C kwa mtu mmoja tu.

Hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi unaozitunza alama kama ĩ na ũ. Ukifungua jedwali siku moja ukakuta ĩ imegeuka kuwa Ä©, na ũ imegeuka kuwa Å©, usiguse kitu na usibonyeze kuhifadhi. Funga, ufungue upya ukichagua UTF-8. Nimeona orodha ya miezi kadhaa ikiharibika kwa sababu mtu aliisafisha alama hizo moja baada ya nyingine akidhani ni takataka. Weka nakala tatu mahali patatu, na moja kati yake iwe ya karatasi.

Ukitaka majina yaonekane na wote, OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, inakubali lugha nyingi kwa mahali pamoja: name:ki kwa Kikuyu, name:mas kwa Kimaasai, old_name kwa lile lililoachwa, alt_name kwa la pili. Weka tu yale uliyoyakusanya mwenyewe na uliyoruhusiwa kuyatoa. Usinakili kutoka ramani zenye hakimiliki. Kwa upande wa serikali, Kenya ina kamati ya kudumu ya majina ya kijiografia, na orodha yenye nukta, sauti na tahajia ina nafasi nzuri ya kusikilizwa kuliko barua ya malalamiko.

Lakini kabla ya hayo yote, rudi ulikoanzia. Chapa orodha kwa herufi kubwa, ipeleke kwenye baraza la chifu na kwenye shule ya msingi iliyo karibu, na uisome kwa sauti, jina moja moja, ukisimama kidogo kila baada ya jina. Usisome haraka. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye sikuwa nimemhoji, aliinua mkono nilipofika jina la nne. Akasema kijito hicho si kimoja, ni viwili, na kwamba hicho cha pili ndicho walichokuwa wakiteka. Akanitajia jina lake. Niliacha kusoma, nikamwomba alirudie mara tatu, taratibu, simu ikiwa mbele yake.